Sungura kwenye Kona ya Kibla

Juu ya kabati langu kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kuna punje tano za mavi ya sungura, zimekauka kama mbegu za papai, nimezifunga kwa karatasi ya daftari. Mume wangu aliwahi kuniuliza kopo lile lina nini. Nikamwambia vifungo vya nguo. Sizitupi. Nitaeleza kwa nini, na sitapunguza neno, maana mimi sikupunguziwa.

Nimeolewa Kibiti, lakini nimezaliwa Salale, kule Delta, ambako nyumba yetu ilizungukwa na mikoko na shuleni tulikwenda kwa mtumbwi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti ambacho hakikunipa kazi, kisha nikapata mume. Mume wangu ni mtu mzuri asiyekuwepo. Zama hizi za ruksa kila mtu ni mfanyabiashara, naye ananunua kamba kwa wavuvi kulekule nilikozaliwa, anawatia kwenye barafu na kuwaleta barabarani yanakopita magari ya Dar es Salaam. Kamba hufuata bamvu. Maji yakijaa sana na kupwa sana, yeye yuko Delta. Maji yakifa, anarudi nyumbani kulala. Kwa hiyo nyumba ile watu husema ina wanne, kwa kweli ina watatu: mimi, binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, na mama mkwe wangu, mwenye nyumba.

Mama mkwe wangu husuka mikeka. Msala wake aliusuka mwenyewe kwa ukindu, ukili mwembamba wa rangi tatu, akaushona kwa mkono wake, nao haukunjwi wala hauazimwi mtu. Umetandikwa mwaka mzima kwenye kona ya ukumbi, upande wa kibla. Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa huja kwenye ukumbi huohuo kwa darsa, Bi Mwalimu anafundisha, na mama mkwe anakaa karibu na msala wake, anasuka huku anasikiliza, kama mtu aliyekalia utajiri wake. Hilo ndilo alilo nalo duniani: ukumbi safi ambao dini inasomwa ndani yake. Nalijua. Nililijua hata siku zile.

Sungura aliingia kwetu kwa njia hii. Serikali ilipopunguza watu kazini, bwana mifugo wa kata yetu naye akapunguzwa. Alikuwa na mradi wa sungura wa kuwaonyesha wananchi. Wananchi walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Siku alipokuwa anafunga mizigo yake, binti yangu alimkumbatia jike mmoja wa kijivu na akakataa katakata kumwachia.

"Mchukue," bwana mifugo akaniambia. "Ila banda siwezi kukupa. Banda ni mali ya serikali."

"Sasa nitamfuga wapi?"

"Ndani. Uani atachukuliwa na mwewe. Mwewe akimkosa, paka. Wala usiogope, dada, sungura si mchafu kama watu wanavyodhani. Hanyi ovyo. Anachagua kona yake. Usijitie kumfundisha wewe. Mfuate, ukishaijua kona, weka chombo hapohapo."

Nilimwamini. Alikuwa mtu aliyefukuzwa kazi kwa sababu hakuna aliyemsikiliza, na mimi hali hiyo naijua.

Tangu siku ya kwanza binti yangu alihamisha mto wake kutoka kitanda cha bibi yake, alikokuwa akilala tangu aache ziwa, akaja kulala chumbani kwangu karibu na boksi la sungura. Mimi niliona mto umehama, basi.

Siku ya tatu sungura akachagua kona. Nyumba ina vyumba vinne, ukumbi, na stoo ya ukindu. Kona zote hizo alizipita, akazinusa, akaziacha. Akaenda kupanda juu ya msala wa mama mkwe, akageuka mara mbili, akakaa, akainua mkia.

Niliuosha msala ule mara ya kwanza kwa maji matatu na ndimu. Mara ya pili kwa siki. Mara ya tatu nikaenda kwa mama mkwe nikamwomba kwa adabu zote.

"Mama, tuusogeze msala hatua mbili tu, kwa siku chache, niweke beseni pale mpaka azoee."

"Kibla haihamishwi kwa ajili ya mavi ya sungura."

"Sisemi kibla, mama. Nasema msala. Kibla ni upande wote ule."

Akaniangalia. "Unanifundisha dini, mwana wa Delta?"

Enzi hizo nilikuwa bado sijibu.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Wanawake wameshaingia, wameshavua viatu, Bi Mwalimu ameshakaa na kitabu chake. Mama mkwe anauendea msala ili aukung'ute, mara anasimama, mkono kinywani. Katikati ya msala pana alama nyekundu, mbichi, kubwa kama sahani ya kikombe.

"Damu!" akasema. "Jamani, njooni muone. Wazee walikuwa wakisema sungura anaona siku zake kama mwanamke, ndiyo maana wengine hawamli. Mimi nikidhani maneno tu. Haya, hedhi hiyo, juu ya msala wangu!"

Mmoja wa wanawake, jirani wa nyumba ya tatu, akadakia: "Sasa si umkatie sodo!"

Wakacheka. Hata Bi Mwalimu aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kama ingeishia hapo ningecheka nao, maana nami nina masikio. Lakini mama mkwe hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mnacheka? Huyu mwacheni. Hawa wa Delta wamezoea kunya majini. Maji yakijaa yanachukua, yakipwa wameshasahau. Mwambieni huku bara mavi hayaondoki yenyewe."

Hapo wakacheka tena, kicheko cha namna nyingine. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika upindo wa kanga yangu, akatazama juu ajue kama na yeye acheke. Nikainama, nikauchukua msala, nikatoka nao uani. Sikulia. Niliwahesabu waliocheka mara ya pili. Walikuwa saba. Nawajua kwa nyumba zao mpaka leo, na hakuna hata mmoja aliyewahi tena kukopa chumvi kwangu akaipata.

Na haikuwa damu. Biolojia nilipata D, lakini D ni kitu. Nilijiuliza sungura alikula nini, nikakumbuka: juzi na jana binti yangu alimlisha mchicha mwekundu, fungu zima, mpaka vidole vyake mwenyewe vikawa vyekundu. Nikauondoa mchicha siku tatu, nikampa majani makavu na maganda ya ndizi. Mkojo ukawa wa manjano. Nikampa mchicha tena. Mwekundu. Nikamwita mama mkwe, nikamwonyesha kitambaa cha manjano na kitambaa chekundu, nikamweleza kama mwalimu anavyoeleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku tatu haikuwepo, sasa ipo?"

"Ndiyo, mama, kwa sababu ya mchicha."

"Hedhi huja na kwenda," akasema, akarudi kwenye ukindu wake.

Mume wangu aliporudi maji yalipokufa, alikuta kesi imeshaiva. Mama yake alimweleza barazani, sauti ya chini, ile ya watu wanaoonewa. Asubuhi, akinywa chai, akasema, "Safari hii nakaa kule bamvu mbili mfululizo. Nikirudi nikute hakuna neno juu ya msala. Likiwepo neno lolote, sungura nampeleka kwa yule mchoma nyama wa stendi."

"Na mwanao?"

"Mtoto atasahau. Mama ni mama."

Binti yangu alikuwa chini ya meza na sungura. Akauliza, "Stendi kuna nini?" Nilimtazama baba yake mpaka akamaliza chai bila kuisikia ladha yake.

Ndipo nilipoanza kumfundisha sungura, na nasema wazi kwamba nilimfundisha kwa chuki. Wapo watu wanaofundisha mnyama kwa upendo. Mimi nilitaka mtu mmoja apige magoti juu ya msala wake mkavu kila siku, mara tano, ajue kuwa nimemshinda.

Nilichukua beseni la bati lililopasuka ukingo, nikalijaza pumba za mpunga. Juu yake nikaweka kitambaa kilicholowa mkojo wake na punje chache za mavi yake, ili ajue harufu ni yake na mahali ni pake. Upande mmoja wa beseni nikaweka majani makavu, maana nilishamwona: sungura hutafuna na kunya kwa wakati mmoja, kama baadhi ya wanaume wanavyosoma gazeti chooni. Beseni nikaliweka likigusana na msala kabisa. Na kila mama mkwe alipomaliza kuswali, nililaza benchi kwa ubavu kuuzingira msala, sungura asipande. Yeye kila wakati wa swala akiliondoa benchi na kulisimamisha mbali. Nami nalirudisha. Hatukusemezana juu ya benchi lile hata neno moja. Lilitembea ukumbini mara kumi kwa siku kama mtu wa tatu.

Sungura akakubali beseni siku ya pili. Siku ya tatu nikaanza kazi yenyewe. Nilipima ukuta kwa mkono kutoka kona ya kibla mpaka nyuma ya mlango wa uani: shibiri kumi na tatu. Kila alfajiri nikalisogeza beseni shibiri moja. Moja tu. Ukisogeza mbili anakwenda mahali pa zamani, anasimama, anashangaa, anakojoa palepale. Nilijaribu siku moja kwa sababu ya haraka, nikalazimika kurudi nyuma siku mbili. Kwa hiyo shibiri moja. Nikapiga alama ya mkaa ukutani kila siku. Mama mkwe akaziona zile alama.

"Unahesabu nini?"

"Siku, mama."

"Za kuondoka?"

"Za kufika."

Haki yake nimwandikie: njia hii nilijifunza kwake. Binti yangu alipokuwa mchanga, mama mkwe ndiye aliyenionyesha kumkalisha mtoto juu ya nyayo zako mbili asubuhi na mapema, unamfanyia shii, shii, mahali palepale, saa ileile, hasira hakuna, mpaka mwili wake unajifunza wenyewe. Mtoto alijua kopo lake kabla hajajua kusema kopo. Nilikuwa natumia silaha ya mama mkwe dhidi ya mama mkwe, na hilo lilinipa raha ambayo sitaificha.

Siku ya kumi na tano, kwa sababu ya zile mbili zilizopotea, beseni likafika nyuma ya mlango. Sungura akiwa chumbani, akiwa stoo, akiwa chini ya kitanda cha mama mkwe mwenyewe, haja ikimjia anakimbia ukumbini masikio nyuma, anaruka ndani ya beseni. Binti yangu anapiga makofi. Siku tano zikapita, nane, kumi. Msala mkavu. Kila swala nilimwona mama mkwe akiuinamia kabla ya kusimama, anaugusa kwa kiganja kutoka juu mpaka chini, halafu anakiangalia kiganja. Alikuwa kama mtu aliyefika mnadani akakuta kitu alichokitaka kimeshachukuliwa.

Jumanne, zikiwa zimebaki siku nne mume wangu arudi, nilikuwa jikoni nikasikia, "Njoo! Njoo uone kazi yako!"

Nikaenda. Katikati ya msala palikuwa na punje tano za mavi.

"Ulisema amejua," akasema. "Haya, amejua?"

Kichwani nilimwona yule mchoma nyama, nikaona na mtoto wangu akiuliza stendi kuna nini. Nikapiga magoti nizizoe. Na hapo mkono wangu ukajua kabla ya kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha beseni lile kila asubuhi. Mavi ya sasa hivi ni meusi, yana unyevu, yanang'aa. Ya jana yamefifia, mepesi, ukiyabana yanakuwa unga. Zile punje zilikuwa za jana. Na zilikuwa zimegandana na pumba za mpunga. Sungura gani anakunya mavi ya jana, yenye pumba?

Nikazoa. Nikasema, "Samahani, mama. Nitaliangalia." Akashangaa nilivyokuwa mpole.

Jioni ileile nilimwaga pumba zote kwenye shimo la taka uani, nikamwaga na majivu ya jiko juu yake. Beseni nikaliosha, nikalijaza maranda ya mbao niliyopewa na seremala. Kuanzia saa ile, katika nyumba nzima, pumba za mpunga zilikuwa mahali pamoja tu: shimoni, chini ya majivu.

Jumatano nilimchukua binti yangu tukaenda sokoni, tukakaa huko makusudi mpaka adhana ya adhuhuri. Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama karibu na msala, mikono kiunoni.

"Tena," akasema.

Tano. Zina pumba. Na safari hii zina majivu, kama zimepakwa poda.

Nilizikusanya moja moja, nikazitia kwenye karatasi ya daftari. Akauliza, "Unazifunga za nini?" Nikasema, "Nizitupe mbali, mama." Nikaingia chumbani, nikaitia karatasi ndani ya kopo juu ya kabati, nikakaa chini, mgongo mlangoni.

Nataka uelewe nilichokuwa nakitazama. Mwanamke yule hutawadha na kama tone la mashaka limemrukia hutawadha tena. Akienda chooni hukusanya kanga yake mpaka magotini isiguse ardhi. Mwanamke huyo alikwenda kwenye shimo la taka mchana kweupe, akainama, akafukua majivu, akaokota mavi kwa vidole vyake, akayaweka mahali anapoweka paji la uso wake mbele ya Mungu. Alikubali kuunajisi msala wake kuliko mimi nionekane safi.

Niliwaza mengi. Niliwaza kumtilia pilipili kwenye ugoro wake. Niliwaza kuupeleka msala shimoni ukakae na mavi yake moja kwa moja. Niliwaza kumngoja mume wangu nimfungulie karatasi mbele yake; lakini mume wangu angesema mama ni mama, na mavi ni mavi, nani ajuaye ya lini. Mtu pekee ambaye mama mkwe anamwogopa chini ya mbingu ni Bi Mwalimu, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Wote saba walikuja. Bi Mwalimu alikuwa anasoma kitabuni mlango wa udhu, na mama mkwe alikaa mahali pake, anasuka ukili wa rangi mbili, vidole vinakwenda vyenyewe. Mimi kwa kawaida nilikuwa mtu wa kuleta maji. Siku ile nilikaa. Bi Mwalimu alipouliza kama kuna mwenye swali, nikanyoosha mkono kama darasani.

"Sema, mke wa mwanetu."

"Bi Mwalimu, mtu akiokota najisi kwa mkono wake, akaiweka juu ya msala kwa makusudi ili mwenziwe alaumiwe, mtu huyo ana hukumu gani?"

Bi Mwalimu akavua miwani. "Astaghfirullah. Nani huyo?"

"Nauliza tu. Sisi wa Delta maji hutuondolea, hukumu zake hatukuzisoma."

Hakuna aliyecheka. Jirani wa nyumba ya tatu, yule wa sodo, alitazama msala, akatazama beseni lililo nyuma ya mlango, akatazama mikono ya mama mkwe. Nami nikatazama mikono ya mama mkwe. Ilikuwa bado inasuka, lakini ukili ulikuwa umepoteza ua. Rangi nyekundu imekwenda mahali pa nyeupe, na vidole havijui.

"Msala utaoshwa," Bi Mwalimu akasema polepole. "Na swala zake ni baina yake na Mola wake, akitubu Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini yule aliyesingiziwa ana haki yake. Haki ya mja, mwanangu, Mungu haifuti kwa niaba ya mja. Mpaka mja mwenyewe asamehe. Akikataa, wanakwenda nayo mpaka kiyama."

"Ahsante, Bi Mwalimu," nikasema. "Nilitaka kujua inashikwa na nani."

Jioni ile mama mkwe aliuosha msala mwenyewe. Hakunipa. Kisha akakaa barazani akiufumua ule ukili, pale ua lilipopotea, ukindu mmoja mmoja.

Jumamosi mume wangu akarudi ananuka kamba. Kabla hajakaa akauliza, "Haya, sungura vipi?"

Nilikuwa namenya muhogo. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nangoja kama anavyongoja mtu aliyetega.

"Sungura hana neno," mama mkwe akasema.

"Na msala?"

"Msala si wangu? Nimesema hana neno."

Basi. Sungura akabaki. Binti yangu hakujua hata kwamba jambo limekwisha, maana hakujua lilipoanzia. Wengine wangesema nishukuru. Mimi sikushukuru. Sungura alitoka kwenye kesi, mimi sikutoka. Mtaani bado nilikuwa yule mchafu wa Delta, na aliyelisema neno hilo alikuwa anakula chakula changu na kusifia chumvi yake.

Wiki chache baadaye mama mkwe alikwenda Chumbi kwa kaka yake, akakaa huko, akarudi siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Siku hizo za mwisho za Shaabani watu wa kwetu huombana radhi. Unakwenda kwa mtu, unamwambia tusameheane, mwezi unaingia, naye anasema nimekusamehe, nawe unisamehe, mnapeana mkono. Hakuna anayeuliza lipi. Ndiyo adabu yake, na ndiyo maana ni rahisi.

Alipiga hodi mlangoni pa chumba changu, yeye mwenye nyumba. Nyuma yake, kwenye ukumbi, palikuwa na gunia. Binti yangu alikuwa sakafuni anamchana sungura kwa kitana changu.

"Mwezi unaingia," mama mkwe akasema. "Tusameheane, mwanangu."

Nikasema, "Nikusamehe lipi, mama?"

Alisimama. Nadhani hajawahi kuulizwa hivyo tangu azaliwe.

"Ndivyo mnavyoulizana siku hizi? Hiyo ndiyo shule?"

"Bi Mwalimu alisema haki ni yangu. Nataka kujua ninatoa ipi."

Akageuza uso akamtazama mtoto. Sungura akaponyoka mikononi mwa binti yangu, akakimbia kati ya miguu ya mama mkwe mpaka nyuma ya mlango wa uani, akaruka ndani ya beseni, akakaa ametulia, masikio juu, akafanya haja yake mbele yetu sote bila haya. Tulimsubiri amalize. Sijui kwa nini tulimsubiri.

"Mtoto alikuwa analala kwangu," mama mkwe akasema. Alimwambia sungura, si mimi. "Tangu aache ziwa. Nilikuwa nasikia pumzi yake."

Mto. Nikauona ule mto siku ulipovuka ukumbi. Nikalisikia lile neno likitaka kunilainisha, nikalikatalia, maana najua mchezo huo: mtu anakukanyaga, kisha anakuonyesha kidonda cha mguu aliokukanyagia.

"Na wale saba?" nikauliza. "Uliowaambia mimi mchafu?"

Akasema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki, "Mchafu si wewe."

"Utawaambia?"

"Alhamisi."

"Nimekusikia, mama."

Alingoja lile neno lingine. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka kwa ajili ya kupeana. Nikarudia, "Nimekusikia." Akaurudisha mkono ndani ya kanga, akaondoka. Na Alhamisi aliwaambia. Maneno matano, bila kuinua macho kutoka kwenye ukili. Walimsikia. Yule wa sodo akaitikia "alaa", kisha wakasoma.

Lile gunia lilikuwa la pumba za mpunga, kutoka mashine ya kukoboa ya Chumbi. Alilibeba garini mpaka Kibiti, yeye na goti lake bovu, kwa ajili ya mnyama mwenye hedhi. Nilipolifungua niliingiza mkono mpaka chini nikitafuta vumbi, chenga, mawe, sababu yoyote. Pumba za mashineni daima zina vumbi, zinampigisha sungura chafya. Hizi hazikuwa nalo. Zilikuwa nyepesi, safi, zimepepetwa gunia zima kwa ungo, na ungo ule najua ni kazi ya siku nzima ya kukaa chini.

Nikayatupa maranda, nikalijaza beseni. Binti yangu akasema bibi naye aje alale na sungura. Nikamwambia akamwambie mwenyewe, akakimbia.

Kopo la juu ya kabati sikulishusha.